Jino Likianza Kutikisika, Ufizi Ndio wa Kuangaliwa Kwanza

Mazungumzo haya yaliandaliwa kwa ajili ya mabaraza ya wananchi na vikao vya afya vijijini. Yanachapishwa hapa yote ili wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria wayasome nyumbani.



Mtu mzima akihisi jino lake linatikisika, kwa kawaida hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayenyamaza. Atalisukumasukuma kwa ulimi mchana kutwa, atahamishia chakula upande wa pili, ataacha mahindi ya kuchoma na miwa, na hatamwambia mtu mpaka siku jino litakapobaki ndani ya ugali. Na kuna anayekwenda moja kwa moja kung'oa, akiamini kwamba jino likishalegea halina dawa ila kutolewa. Wote wawili wameruka swali moja: ni nini kilicholilegeza?

Swali hilo lina uzito kwa sababu jino huwa halilegei peke yake. Likitolewa bila chanzo kujulikana, la pili hufuata, na la tatu. Mtu anafika miaka 50 akiwa na meno machache ya mbele, na watu wanasema ni uzee. Uzee hauangushi meno. Kinachoyaangusha, kwa watu wazima walio wengi, ni ugonjwa wa fizi ulioachwa miaka mingi bila kutibiwa.

Kwanza ieleweke jino limeshikwa na nini. Halikupigiliwa kama msumari kwenye mbao. Mzizi wake umekaa ndani ya shimo la mfupa wa taya, na kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi nyembamba sana zinazovishikanisha. Kwa hiyo hata jino zima lina mchezo mdogo ambao mwenyewe hauhisi. Ufizi nao umelizunguka jino juu ya mfupa huo, umeliziba ili uchafu usipenye. Anayejua nyumba ya udongo ataelewa haraka. Nguzo husimama kwa sababu ya udongo ulioshindiliwa miguuni pake. Mvua ikiumomonyoa udongo kidogo kidogo, nguzo itaanza kuyumba ingawa mti wenyewe haujaoza. Ndiyo maana jino linaweza kuwa jeupe, halina tundu wala maumivu, na bado likatikisika.

Mvua ya kinywani ni utando laini wa bakteria unaojijenga juu ya meno kila siku, hasa pale ufizi unapokutana na jino. Usipoondolewa kwa mswaki, utando huo hugeuka mgumu katika siku chache na kuwa ukoga, ule ugaga wa manjano au kahawia unaoonekana nyuma ya meno ya chini ya mbele. Ukoga hautoki kwa mswaki hata mtu asugue vipi. Hapo ufizi huanza kuwasha, huwa mwekundu, huvimba, na hutoka damu wakati wa kupiga mswaki.

Damu hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba kati ya kila watu wazima 100 waliopimwa nchini Kenya, takriban 98 walikuwa na fizi zinazotoka damu. Kwa maneno mengine, ni jambo la kawaida kiasi kwamba watu wameacha kuliona kuwa ugonjwa. Lakini ufizi mzima hautoki damu kwa kuguswa na mswaki, kama vile ngozi ya mkono isivyotoka damu kwa kuoshwa na sabuni.

Wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki mahali pale ili pasiumie zaidi. Hilo ni kosa kubwa. Mahali panapotoka damu ndipo panapohitaji kusafishwa, kwa upole na kila siku. Katika hatua hii ya mwanzo ugonjwa unapona kabisa: ukoga ukiondolewa kliniki na mtu akaendelea kupiga mswaki vizuri, kwa kawaida damu hukoma katika muda wa wiki mbili hivi.

Asipofanya hivyo, kwa baadhi ya watu ugonjwa huingia ndani. Ufizi huachana na jino na kufanya mfuko mdogo ambao mswaki haufiki. Daktari wa meno huupima kwa kifaa chembamba chenye alama za milimita. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4 kwenda juu, kuna jambo. Ndani ya mfuko huo mfupa huanza kuliwa polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote. Ufizi unarudi nyuma, jino linaonekana refu kuliko zamani, nafasi zinajitokeza katikati ya meno ambayo yalikuwa yamebanana, pumzi inanuka hata baada ya kupiga mswaki. Wengine huona meno ya mbele yanatanuka kama feni. Kutikisika huja mwisho. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe, na matibabu mengi yanakusudia kuuzuia usiendelee kuliwa.

Hapa kuna jambo linalozungumzwa sana sokoni na kwenye matatu: kwamba kusafishwa meno hospitalini ndiko kunakolegeza meno. Msemo huo haukutoka hewani. Mtu ambaye meno yake yamelegea miaka mingi huwa ameshikiliwa na ukoga wenyewe, kama matofali mabovu yaliyogandishwa kwa saruji. Ukoga ukitolewa, meno yanayumba, yanapata ganzi ya maji baridi, na mapengo yaliyokuwa yamezibwa yanaonekana. Mgonjwa anaondoka akimlaumu daktari. Ukweli ni kwamba meno yalikuwa yamelegea kabla hajaketi kwenye kiti, na ukoga uliokuwa ukiyashikilia ndio huohuo uliokuwa ukiumaliza mfupa. Fizi zikipona na kukaza, mara nyingi meno nayo hutulia kiasi. Wahudumu wa meno wangefanya vyema kumweleza mgonjwa hayo mapema kabla ya kumsafisha. Maelezo ya dakika mbili yangezuia uvumi mwingi.

Sasa, mbona watu wawili walio na uchafu uleule wa kinywa wasipate madhara sawa? Hapo ndipo magonjwa mengine yanapoingia, na kisukari kiko mstari wa mbele. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu, mwili hupungukiwa nguvu za kupambana na maambukizi, na vidonda vya fizi haviponi. Upande wa pili, fizi zilizooza huifanya sukari iwe ngumu kushushwa. Magonjwa haya mawili yanasaidiana kuumaliza mwili, na imeonekana kwamba fizi zikitibiwa, sukari nayo hushuka kidogo.

Fikirieni mama wa miaka 45 anayeuza mahamri na chai asubuhi. Meno mawili ya mbele yamelegea ndani ya mwaka mmoja. Fizi zinavimba na kutoa usaha, zinatulia, zinarudi. Amenunua vidonge vya kuua viini dukani mara tatu bila kuandikiwa. Kila mara uvimbe umepungua, naye akaona amepona. Hakuna aliyemuuliza kama anaamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, kama ana kiu isiyokwisha, kama amepungua uzani bila sababu. Mama kama huyu anaweza kuwa na kisukari asichokijua, na meno ndiyo yaliyokitangaza kwanza. Kumng'oa meno mawili na kumrudisha nyumbani ni kumzibia king'ora. Tone moja la damu kwenye kidole lingetoa jibu, na kipimo hicho kipo katika vituo vya afya na hata katika mikoba waliyogawiwa wahudumu wa afya ya jamii kuanzia mwaka 2023. Mtu mzima yeyote ambaye meno yanalegea bila kuanguka wala kugongwa aombe kupimwa sukari. Asisubiri kuambiwa.

Sigara nayo ina ujanja wake. Hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi za mvutaji hazitoki damu sana hata zikiwa zinaoza. Anajiona mzima kuliko jirani yake asiyevuta, kumbe dalili imefichwa. Ugoro na tumbaku ya kuweka mdomoni huumiza zaidi pale inapowekwa: ufizi unarudi nyuma mahali hapohapo, na ngozi ya ndani ya shavu au mdomo inaweza kuweka weupe usiofutika. Weupe huo, au kidonda chochote cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili, ni wa kuonyeshwa daktari bila kuchelewa, kwa sababu saratani ya kinywa huanza hivyo.

Kuhusu miraa na muguka, mabishano ya biashara na sheria yana mahali pake na si hapa. Kinachohusu meno ni kwamba anayetafuna huweka majani upande mmoja kwa saa nyingi, na upande huo ufizi husuguliwa na kukaukiwa. Kinywa kikavu hakijioshi, maana mate ndiyo maji ya kuoshea meno usiku na mchana. Juu ya hapo huongezwa peremende na soda ili kupunguza uchungu, na mtu analala alfajiri bila kupiga mswaki. Madaktari wa meno huona tofauti kati ya shavu la kulia na la kushoto kabla mgonjwa hajasema anachotafuna.

Si kila ufizi unaorudi nyuma ni wa uchafu. Kuna watu wasafi mno ambao fizi zao zimesukumwa na mikono yao wenyewe. Hawa hununua mswaki mgumu kuliko yote dukani, wanasugua kwa nguvu kwenda kushoto na kulia kana kwamba wanasugua sufuria yenye masizi. Ufizi hupanda upande wa nje, hasa karibu na chonge, bila kutoka damu, na shingo ya jino huchongeka kama mti uliotiwa shoka. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mara nyingi upande wa kushoto ndio unaoumia zaidi. Mkaa uliosagwa, chumvi ya mawe, mchanga na majivu hufanya kazi hiyohiyo kwa kasi. Mswaki laini unatosha, kwa dawa ya meno yenye floridi, dakika mbili, mara mbili kwa siku, huku kuzungusha kukiwa kudogo na kwa upole pale jino linapokutana na ufizi. Mara ya usiku isikose.

Mswaki wa mti, ule ambao wazee wa pwani wameutumia tangu zamani na ambao ndio uliotupa hata jina la mswaki, haujapitwa na wakati. Ukitafunwa ncha ukawa laini kama brashi, ukakatwa kila unapochakaa, na ukapitishwa kwenye kila jino mbele na nyuma, unasafisha vizuri. Ukitumiwa mkavu, au kwa meno yale ya mbele yanayoonekana kwenye picha tu, utaumiza ufizi na kuacha magego na ukoga wao.

Wazee huita damu yoyote ya fizi kiseyeye na kuiagizia ndimu na machungwa. Kiseyeye cha kweli hutokana na ukosefu wa vitamini C, ni maradhi yaliyoua mabaharia wa zamani waliokaa miezi bila tunda wala mboga. Anayekula maembe, mapapai, sukuma wiki na mchicha ni nadra kukipata. Kula machungwa ni jambo jema, lakini kupaka ndimu kwenye fizi zinazouma hakuziponyi, na asidi yake hula meno.

Akina mama wajawazito wamesikia kwamba kila mimba huondoka na jino moja. Si kweli kwamba mtoto hufyonza chokaa kutoka kwenye meno ya mama. Mabadiliko ya homoni ndiyo yanayofanya fizi zivimbe na kutoka damu kwa urahisi, na anayetapika kila asubuhi huenda akashindwa kuvumilia mswaki. Jino linaweza kulegea kidogo na kurudi baada ya kujifungua. Kuona daktari wa meno wakati wa ujauzito si hatari. Mweleze tu kwamba una mimba.

Kuna pia dawa zinazonenepesha fizi hadi zikafunika nusu ya jino: baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini, na baadhi za shinikizo la damu kama nifedipini na amlodipini. Mtu asiache dawa hizo kwa sababu ya fizi. Aende nazo kliniki, aulize kama zinaweza kubadilishwa. Kuacha dawa ya presha kwa ajili ya meno ni kubadilisha tatizo dogo kwa kiharusi. Wengine husaga meno usingizini mpaka yakalegea. Mwenzao wa chumbani ndiye anayejua. Na anayeishi na virusi vya HIV akiona fizi zinaoza kwa ghafla, zinauma na kunuka, asingoje siku ya kliniki yake ya kawaida.

Upande wa watoto mambo ni tofauti, na hapa wazazi wasikilize kwa makini. Kati ya miaka 6 na 12 ni kawaida meno ya utotoni kulegea, kuanzia yale mawili ya mbele chini. Yote 20 yatatoka na kuacha nafasi kwa ya ukubwani. Hata jino jipya likichomoza nyuma ya la zamani, si balaa. Lakini mtoto wa miaka minne au mitano ambaye magego yake yanalegea, na taya au shavu linavimba, hilo si jambo la kutupa jino juu ya paa na kusahau. Ipo saratani ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt, kwa jina la daktari aliyeieleza akiwa Uganda mwaka 1958, na hupatikana zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi, ukiwemo ukanda wa ziwa na wa pwani. Mara nyingi huanzia kwenye taya. Uvimbe wake hukua kwa kasi ya kutisha. Mzazi anaweza kuona tofauti wiki hadi wiki. Familia nyingi hudhani ni jino bovu au jicho la mtu, mtoto anang'olewa meno, anachanjwa chale, na wiki zinapotea. Ugonjwa huu huitikia dawa vizuri na watoto wengi wanaofika mapema hupona. Uvimbe wa taya pamoja na meno yaliyolegea kwa mtoto mdogo: apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Vilevile kuna yale yanayoitwa meno ya plastiki, ambapo fizi za mtoto mchanga anayeharisha huchimbwa kwa kisu au sindano ya baiskeli ili kutoa kinachodhaniwa kuwa mdudu. Kinachotolewa ni chipukizi cha jino lake. Mtoto anaweza kufa kwa kutoka damu au kwa maambukizi, na kuhara kwenyewe kukabaki palepale. Kuhara kunahitaji chumvi na sukari ya maji, na kituo cha afya.

Jino la ukubwani likigongwa, iwe kwenye mpira au pikipiki, lina saa moja tu, na nusu saa ni bora zaidi. Likilegea likiwa bado mahali pake, lisichezewe. Nenda kliniki likafungwe na meno ya jirani. Likitoka zima, liokote kwa kulishika kichwa, si mzizi. Kama limechafuka, limwagie maziwa au maji kidogo bila kulisugua wala kulifuta kwa kitambaa. Lirudishe kwenye tundu lake, uume kitambaa safi, uende. Kama hilo haliwezekani, litie ndani ya kikombe cha maziwa, au mtu mzima aliweke ndani ya shavu lake. Lisifungwe kwenye karatasi likakauka. Jino la utotoni lisirudishwe, maana laweza kuumiza lililo chini yake. Walimu wa michezo wangeandika maagizo haya ubaoni.

Swali la fedha halikwepeki. Kusafishwa meno mara moja huwa na gharama ya chini kuliko kung'oa kadhaa na kutengenezewa ya bandia, lakini mtu huona rahisi kulipia maumivu kuliko kuyazuia. Si kila zahanati ina daktari wa meno. Anzieni kwa mhudumu wa afya ya jamii au kituo cha karibu, muulize siku ya kliniki ya meno katika hospitali ya kaunti ndogo, na muulize mapema Bima ya Afya ya Jamii, SHA, inalipia nini kati ya mnachohitaji. Atakayeambiwa jino ling'olewe ana haki ya kuuliza kwa nini, na kama linaweza kuokolewa. Mengine kweli hayaokoleki, na jibu hilo nalo ni jibu.

Siku ya kwenda, mtu achukue dawa zote anazotumia, zikiwa ndani ya pakiti zake, pamoja na kadi ya kisukari au presha kama anayo. Aeleze jino lilianza kutikisika lini, kama kuna mengine, kama ufizi hutoka damu au usaha, anavuta au anatafuna nini, na kama ana mimba. Asifiche. Na asubuhi hiyo apige mswaki kama kawaida, hata pale panapotoka damu.